Neva Iliyokatika na Uvimbe Unaojenga

Mtu akikatwa na kioo, akashonwa, kisha akaona vidole viwili bado vimekufa ganzi, mara nyingi safari yake ya pili ni duka la dawa, na anachoomba ni dawa ya kushusha uvimbe. Atauziwa diklofenaki, pengine na prednisoloni au sindano ya deksamethasoni juu yake, arudi nyumbani akiamini kwamba uvimbe ndio uliozima vidole na ukishuka vitaamka. Naandika mwongozo huu kwa sababu imani hiyo inawapotezea watu mikono. Neva iliyokatika au kupondeka inauhitaji uvimbe wa siku za mwanzo. Bila huo huota kwa shida. Yapo magonjwa mengine ambayo uvimbe wenyewe ndio unaoua neva, na huko kuchelewa kuuzima kunaleta kilema. Wewe uliyeumia, au unayemuuguza aliyeumia, unatakiwa ujue uko kwenye hali ipi, na uko kwenye wiki ya ngapi.

Kabla hujachomwa ganzi

Kipimo cha kwanza hufanywa kabla jeraha halijachomwa dawa ya ganzi, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayejua kipi kimekufa kwa kioo na kipi kwa sindano. Funga macho, mtu akuguse kwa kipande cha pamba. Ncha ya kidole cha mwisho ni ya neva ya alna. Ncha ya kidole cha shahada ni ya neva ya mediani. Ngozi ya mgongo wa mkono, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ni ya neva ya radiali. Kisha jaribu kutenda: tanua vidole, hiyo ni kazi ya alna, laza mkono kiganja kikiangalia juu kisha inua dole gumba lisimame wima, hiyo ni mediani, inua kifundo cha mkono, hiyo ni radiali. Mguuni, anayeshindwa kuinua unyayo akawa anauburuta akitembea ameumia neva inayopita upande wa nje wa goti, au neva kubwa ya siatiki inayotokea takoni.

Kipo kipimo cha karatasi ambacho ningependa kila mzazi akijue. Banisha karatasi kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mikono yote miwili kwa pamoja, kisha mwambie mwenzako aivute. Mkono wenye alna nzima huibana karatasi huku dole gumba likiwa limenyooka. Mkono ambao alna imekatika, ncha ya dole gumba hujikunja yenyewe, kwa sababu mwenye mkono anaazima msuli wa neva nyingine bila kujua. Daktari Mfaransa Jules Froment alikieleza kipimo hiki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipokuwa akitibu askari, na mpaka leo hakijapata mbadala wa bei nafuu zaidi.

Ukiona kasoro yoyote, mwambie anayekushona na umuulize waziwazi: neva imeangaliwa? Ngozi hushoneka vizuri juu ya neva iliyokatika, jeraha likapona safi, na familia ikaja kushtuka miezi minne baadaye mkono ukishakuwa mwembamba. Neva iliyokatwa na kitu chenye makali, kama panga au kioo, ni vyema iunganishwe na daktari wa upasuaji ndani ya siku chache, kabla ncha zake hazijarudi nyuma na kujifunga kovu. Kituo kisichoweza kufanya upasuaji huo kinaweza kabisa kusafisha jeraha, kufunga ngozi, kuweka banzi na kuandika rufaa kwenda hospitali yenye madaktari wa kazi hiyo, kwa mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Rufaa hiyo idai kabla hujaondoka.

Si kila neva iliyozimika imekatika. Mwaka 1943 daktari wa upasuaji Herbert Seddon wa Uingereza alizigawa hali hizi katika ngazi tatu, na ngazi zake bado ndizo zinazotumika. Ngazi ya kwanza, neva imeduwaa tu: nyuzi zake ni nzima, na hurudi kazini ndani ya siku au wiki, mara chache hadi miezi mitatu. Ngazi ya pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini mirija iliyozishika bado imesimama, kwa hiyo zinaweza kuota zenyewe. Ngazi ya tatu, kila kitu kimetengana, na hapo bila upasuaji hakuna kurudi. Aliyevunjika mfupa wa juu wa mkono na kifundo kikaanguka, mara nyingi yuko ngazi ya kwanza au ya pili, na wengi wa hao hupona bila neva kuguswa na kisu. Mtoto aliyechomwa sindano kwenye tako, si ile robo ya juu upande wa nje bali karibu na katikati, akaanza kuburuta mguu siku hiyohiyo, anaweza kuwa ngazi yoyote kati ya tatu, na arudishwe hospitali mara moja. Kumwambia mama yake kwamba mguu "utazoea" ni kumwibia mtoto muda ambao hautarudi.

Kinachotokea ndani

Mwaka 1850 daktari Mwingereza Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akawa anazitazama kwa hadubini siku baada ya siku. Aliona kwamba sehemu ya neva iliyo mbele ya mkato, ile inayoelekea kwenye ncha, inamomonyoka yote hata kama haikuguswa na kisu. Uzi wa neva ni mkono mrefu wa seli moja ambayo mwili wake uko karibu na uti wa mgongo au ndani yake. Ukitengwa na mwili huo, uzi hauna pa kupata chakula.

Wa kwanza kujua kwamba kuna msiba ni seli za Schwann, zile zinazouzungushia uzi mafuta yake yanayoitwa mayelini. Ndani ya saa chache huacha kazi yao ya kawaida na kuanza kutoa saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli moja huzimwaga na nyingine huzipokea kwenye ukuta wake kisha ikabadili tabia. Mbili za mwanzo ni TNF na interlukini ya 1. Hizi huilegeza mishipa ya damu ya eneo hilo ipitishe maji na seli, na hapo ndipo joto na uvimbe vinapotokea. Molekuli nyingine, CCL2, huzivuta kutoka kwenye damu seli changa ambazo zikifika huwa makrofaji, seli walaji. Kwa wanyama wa maabara makrofaji huanza kuingia siku ya pili au ya tatu, na kwa wiki mbili hivi huwa na kazi kubwa ya kula mabaki ya mayelini.

Ulaji huo una sababu. Mayelini iliyokufa imebeba molekuli zinazouzuia uzi mpya usiote. Fundi wa kuezeka hubomoa kwanza makuti yaliyooza, akaacha boriti na fito zilizo imara, ndipo apandishe mapya. Makrofaji nao huondoa mayelini na kuacha mirija mitupu, na ndani ya mirija hiyo seli za Schwann hujipanga mstari mmoja ili uzi mpya upate njia ya kufuata.

Lakini kusafisha ni nusu tu ya kazi ya saitokini. Mwaka 1987 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba interlukini ya 1, inayotoka kwa makrofaji, huziamuru seli zilizo ndani ya neva iliyoumia zitengeneze NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva kilichompa Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Molekuli ileile inayoleta joto na maumivu ndiyo inayoagiza mbolea. Interlukini ya 6 nayo husaidia kubadili mwili wa seli ya neva, kule karibu na uti wa mgongo, utoke kwenye hali ya kupeleka taarifa uingie kwenye hali ya kukua. Na mwaka 2015 watafiti wa London walionyesha jambo lililonistaajabisha: katika pengo kati ya ncha mbili za neva iliyokatwa, makrofaji huhisi kwamba hewa ya oksijeni ni haba, hutoa molekuli ya VEGF, mishipa midogo ya damu huota kuvuka pengo, na seli za Schwann hutambaa juu ya mishipa hiyo zikibeba nyuzi changa nyuma yao. Bila walaji, hakuna daraja.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka kwa panya. Mwaka 1989 wanasayansi wa Oxford waliandika kuhusu aina ya panya ambao neva zao zikikatwa hazimomonyoki: uzi uliotengwa hukaa wiki kadhaa ukiwa mzima. Ungedhani panya hao ndio wangepona haraka. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kinyume. Kwa kuwa hakuna kilichokufa, makrofaji hawakuitwa kwa wingi, njia haikusafishwa, na nyuzi mpya zilichelewa. Panya wengine, waliozaliwa bila TNF, nao walionekana kupata makrofaji wachache kwenye neva iliyoumia na mayelini ikakaa pale muda mrefu zaidi.

Kazi hii ina mwisho wake. Baada ya wiki ya pili au ya tatu, sauti ya TNF hushuka na ya interlukini ya 10 hupanda. Hii huwaambia makrofaji wapunguze moto na waondoke. Panya wasio na interlukini ya 10 hubaki na uvimbe usiokwisha, na neva zao hupona vibaya. Kwa hiyo uvimbe mzuri ni ule unaokuja mapema na kuondoka kwa wakati. Ukikaa mwezi wa pili na wa tatu, una jambo: usaha ndani, kipande cha kioo kilichobaki, sukari isiyodhibitiwa, au banzi linalobana. Hilo lipelekwe hospitali.

Dawa za uvimbe

Kwa maumivu ya kidonda siku za mwanzo, parasetamoli inatosha wengi. Diklofenaki au ibuprofeni kwa siku chache, ukiandikiwa na daktari, haitaiangamiza neva yako. Usilale na hofu kama ulizimeza. Ninachokuomba ni kutozimeza wiki baada ya wiki kwa matumaini kwamba zitarudisha hisia. Haziwezi. Hizi huzuia molekuli nyingine kabisa, prostaglandini, na matumizi ya muda mrefu yanaumiza tumbo na figo. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada na wenzao walieleza kwamba panya waliopewa diklofenaki au deksamethasoni baada ya kuumizwa walikaa na maumivu muda mrefu zaidi kuliko waliopewa dawa za maumivu zisizogusa uvimbe. Walipotazama kumbukumbu za watu wenye maumivu ya mgongo waliona dalili zinazoelekea hukohuko, ingawa kumbukumbu za namna hiyo hazitoshi kuthibitisha kwa binadamu. Kwangu inatosha kuwa sababu ya kutokuwa na pupa.

Prednisoloni na deksamethasoni ni habari nzito zaidi, kwa kuwa zenyewe hunyamazisha saitokini moja kwa moja. Usizinunue bila cheti kwa ajili ya neva iliyokatika. Zinapandisha sukari, zinachelewesha kidonda, zinafungulia wadudu mlango. Kama tayari unazitumia kwa pumu au ugonjwa mwingine, usiziache ghafla. Mweleze daktari wa upasuaji, apange yeye.

Pale ambapo uvimbe ndio mshambuliaji

Huu ndio upande wa pili, na nimekaa sana kuufikiria kwa sababu msomaji akiondoka hapa anaamini kwamba steroidi ni sumu kwa kila neva, nitakuwa nimemdhuru.

Mtu akiamka upande mmoja wa uso umelegea, jicho halifumbiki, mate yanamtoka pembeni, na mkono na mguu ni wazima, mara nyingi ni neva ya uso iliyovimba ndani ya tundu jembamba la mfupa nyuma ya sikio. Haikukatika; inabanwa na uvimbe wake wenyewe. Hapa prednisoloni inasaidia kweli, lakini ianze ndani ya saa 72. Jirani atasema ni upepo, mwingine atasema ni jini, na siku tatu zitapita mkiwa mnabishana. Nendeni hospitali kwanza. Jicho lisilofumbika lilindwe kwa matone na lifungwe usiku. Kama mkono au mguu wa upande mmoja pia umelegea, au kauli imeharibika, hiyo inaweza kuwa kiharusi, na hapo kinachohesabiwa ni dakika.

Ukoma ni mfano mkubwa zaidi, na hauko mbali nasi: Shirika la Afya Duniani linazihesabu Tanzania, Kongo na Komoro kati ya nchi za kipaumbele kwa ugonjwa huu. Bakteria wake hukaa ndani ya seli za Schwann zenyewe. Wanaweza kukaa humo miaka bila vurugu, kisha kinga ikawagundua kwa mkupuo, mara nyingine hata mgonjwa akiwa katikati ya matibabu. TNF na interferoni gama hufurika ndani ya neva, ambayo imefungwa kwenye ala isiyotanuka, na nyuzi hufa kwa siku au wiki. Hali hii wauguzi wa ukoma huiita riaksheni. Ishara zake ni mabaka ya zamani kuwa mekundu na kuvimba, maumivu kwenye kiwiko mahali pa neva ya alna, na kidole cha mwisho kuanza kulegea. Mgonjwa asisubiri siku ya kuchukua dawa. Aende siku hiyo. Prednisoloni hutolewa kwa miezi, si kwa siku tano, na neva iliyopoteza kazi chini ya miezi sita bado ina nafasi nzuri ya kurudi. Dawa za kuua bakteria, ambazo hutolewa bure, haziachwi hata siku moja kwa sababu ya riaksheni. Wagonjwa wengi wameziacha wakidhani ndizo zilizowageuka, na wakapoteza vidole.

Aina nyingine ya riaksheni, inayoleta vinundu vyenye maumivu na homa, ndiyo iliyofichua nguvu ya TNF. Mwaka 1964 huko Jerusalem, Jacob Sheskin aliwapa wagonjwa wa ukoma thalidomaidi ili tu wapate usingizi, na vinundu vikanywea. Mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba dawa hiyo hupunguza utengenezaji wa TNF. Ndiyo dawa ileile iliyowazalisha maelfu ya akina mama watoto wenye kasoro kubwa za mikono na miguu, kwa hiyo haiguswi na mwanamke anayeweza kushika mimba ila chini ya ulinzi mkali kabisa wa hospitali.

Na kuna ugonjwa wa tatu unaokataa kanuni zote mbili. Wiki moja au mbili baada ya kuharisha au mafua, miguu inalegea, kisha mapaja, kisha mikono, ganzi ikipanda. Ni kinga inayozishambulia neva za mwili mzima, ugonjwa wa Guillain na Barré. Steroidi, ambazo ungezitarajia zifae, hazisaidii hapa; kinachosaidia ni kingamwili za kuchoma mshipani au kubadilishwa maji ya damu. Hatari iko kwenye misuli ya kupumulia. Mpeleke mgonjwa kwenye hospitali yenye chumba cha uangalizi maalumu angali anapumua vizuri.

Uti wa mgongo nauacha kwa sentensi chache, kwa sababu ni mada yake peke yake. Huko mabaki ya mayelini hayaondolewi kwa kasi, na uvimbe hukaa bila kujenga. Matumaini yaliyowekwa kwenye dozi kubwa za steroidi mwaka 1990 yamepungua sana, na mwaka 2013 madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani walishauri zisitumike kama tiba ya jeraha hilo. Linalokuhusu wewe barabarani ni kutombeba majeruhi kwa kumshika mikono na miguu.

Hesabu ya milimita

Uzi mpya wa neva huota kwa takriban milimita moja kwa siku, sentimita tatu kwa mwezi, baada ya wiki chache za kuvuka mshono. Chukua futi ya fundi cherehani upime. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18, yaani miezi sita au saba. Kutoka kwapani hadi misuli midogo ya kiganja ni sentimita 55 au 60, yaani mwaka mmoja na nusu na zaidi. Sasa weka hesabu nyingine kando yake: msuli uliokatiwa neva hupoteza uwezo wa kuipokea tena baada ya miezi 12 hadi 18 hivi. Ndiyo maana aliyekatwa karibu na kwapa asikubali kuambiwa "tusubiri mwaka tuone". Kwake daktari anaweza kuhamisha tawi la neva jirani au, baadaye, kuhamisha kano ya msuli mzima, na uamuzi wa kwanza kati ya hayo mawili una saa inayokwenda.

Safari ya uzi unaweza kuifuatilia mwenyewe. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya njia ya neva, ukianzia upande wa vidole ukipanda kuelekea kovu. Mahali utakaposikia umeme ukitambaa hadi vidoleni ndipo nyuzi changa zilipofika. Weka alama kwa kalamu, pima umbali wake kutoka kwenye kovu, uuandike daftarini pamoja na tarehe. Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani walieleza ishara hii mwaka uleule wa 1915, kila mmoja akitibu majeruhi wa upande wake wa vita. Alama ikisogea kila mwezi, neva inatembea. Ikibaki pale pale kwenye kovu miezi mitatu, chukua daftari lako urudi kwa daktari wa upasuaji, wala usingoje tarehe ya kliniki.

Kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza anachohisi, tumia maji. Kidonda kikishafunga, loweka mikono yake yote miwili kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, uyapime kwanza kwa mkono wako, kwa nusu saa. Vidole vyenye neva hukunjamana ngozi. Visivyo na neva hubaki laini. Mama anayefua, akiwa ndiye aliyeumia, atakuwa ameshaiona tofauti hii kwenye mkono wake mwenyewe kabla ya daktari. Ngozi isiyo na neva pia haitoi jasho, kwa hiyo kalamu ya plastiki huteleza juu yake bila kukwama.

Ukiagizwa kipimo cha umeme wa neva, uliza tarehe. Kikifanywa siku ya pili, sehemu iliyo mbele ya mkato bado hupitisha umeme kwa sababu haijamomonyoka, na jibu linaweza kukudanganya kwamba hali ni nafuu. Baada ya wiki tatu kipimo husema kweli, na fedha yako haijapotea.

Wakati unasubiri, mkono usiohisi unahitaji macho. Usishike sufuria wala chuma cha jiko la mkaa kwa mkono huo. Kila jioni utazame mbele na nyuma, uupake mafuta, na lengelenge ulihesabu kuwa jeraha. Nyoosha na kunja kila kiungo cha kidole kwa mkono mzima, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu neva inayorudi kwenye kiungo kilichokakamaa haina la kufanya. Kifundo kilichoanguka kishikiliwe na banzi, na mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe lini uvae na lini uvue. Sigara iache. Sukari ipimwe. Vidonge vya vitamini B vina maana kwa mwenye upungufu, kwa mfano anayetumia dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi bila kupewa B6; kwa mwingine havikimbizi uzi, na B6 ikizidi sana kwa muda mrefu inaumiza neva yenyewe.

Maumivu yanayobaki

TNF na interlukini ya 1 zinapofika kwenye nyuzi zinazobeba maumivu, huzishushia kizingiti, zikawa zinapiga kelele kwa jambo dogo. Kwa wengi hali hii hupungua zenyewe zikiondoka. Kwa wengine taarifa imeshapanda hadi kwenye uti wa mgongo: seli za neva zilizoumia humwaga molekuli inayoitwa CSF1, ambayo huziamsha mikroglia, seli za kinga zilizoko humo, nazo huendelea kuchochea maumivu hata kidonda kikiwa kimefunga na mkono haujavimba tena. Mtu wa namna hii hadanganyi. Nimewasikia wakiambiwa "mbona kidonda kimepona", na naliona neno hilo kuwa la ukatili, kwa sababu linampokonya mtu haki ya kutibiwa.

Maumivu haya hayaisikii diklofenaki. Dawa zake za kwanza ni amitriptilini, gabapentini, pregabalini au duloksetini. Amitriptilini hupatikana kirahisi zaidi na bei yake ni ndogo; huanzwa kwa dozi ya chini usiku, ikapandishwa polepole, na ipewe wiki kadhaa kabla ya kusema imeshindwa. Hukausha kinywa na kuleta usingizi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba aseme kabla hajaandikiwa, na vidonge vifungiwe mbali na watoto, maana dozi kubwa inaua. Gabapentini nayo haiachwi ghafla.

Unapokwenda kuonana na daktari, usiseme tu "panauma". Mwambie kama panawaka, kama panapiga shoti, kama shuka ikigusa tu unaruka. Mwambie kama kuna uvimbe mdogo kwenye kovu ambao ukiguswa unarusha umeme, maana hicho kinaweza kuwa kifundo cha nyuzi zilizokosa njia, na kinaweza kutibiwa kwa upasuaji. Mwambie kama mkono wote, si pale palipokatwa tu, umevimba upya, unang'aa, unabadilika rangi na kutoa jasho kuliko mwenzake, kwa kuwa hiyo ni hali nyingine inayotaka mazoezi mapema na haisubiri. Na daftari lenye vipimo vya alama za kalamu liweke mezani mbele yake, lifunguliwe.